Ameandikwa Wapi?

Kazi yangu ni kuwauliza watu kuhusu kazi zao. Nikieleza hivyo watu hucheka, lakini ndivyo ilivyo. Naongoza kikundi cha watafiti, ofisi yetu iko Upper Hill katika jengo ambalo lifti zake hupumzika kuliko sisi, na kwa miaka mingi tumekuwa tukichunguza vijana wanajua nini, shule zinawafundisha nini, na kazi zitakazokuwepo wakishakua zitawataka wajue nini. Majibu ya maswali hayo hayajawahi kukubaliana, na huenda ndiyo sababu bado nina kibarua. Nyumbani wananiita daktari wa kesho. Mtoto akimaliza shule huletwa kwangu nimtazame, kama anayeletwa kupimwa macho, kisha mzazi ananiuliza bila haya asomee nini.

Neno ambalo nataka kulizungumzia lilinikamata Kangemi, siku tuliyokwenda kuijaribu hojaji yetu mpya. Tulikuwa tumeiandika kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: Je, umeajiriwa? Mama mmoja aliyekuwa akipika chapati kando ya njia alitutazama kama watu wanaomsomea taarifa ya habari. Mwenzangu, ambaye ana ulimi wa mtaani kunishinda, akalibadilisha swali.

"Mathe, umeandikwa?"

"Aa-aa, sijaandikwa," mama akajibu papo hapo. "Najitafutia tu."

Alisema hivyo huku akigeuza chapati, anasukuma nyingine, anamrudishia mteja chenji, na mikono yake haikuwa imetulia tangu tufike. Mwenzangu akaandika kwamba hana ajira, tukaenda kwa jirani.

Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulitazama usoni. Kwetu mtu akipata kazi ameandikwa. Akiipoteza amefutwa. Ni maneno ya ubao wa darasani. Nilianza kujiuliza nani alikuwa wa kwanza kusema hivyo, na aliandikwa wapi, na kama kulikuwa na karani aliyemwandika kwa wino huku yeye amesimama na kofia mkononi. Sikupata jibu, na nilitafuta. Nilimuuliza kila niliyenaswa naye kwenye lifti, mpaka mhasibu wetu akaanza kupanda ngazi. Lakini zaidi ya asili yake, kilichonisumbua ni yule mama. Alisema "sijaandikwa" kwa sauti ya mtu anayesema hayupo.

Mtu aliyeandikwa kuliko wote ninaowajua ni kaka yangu, kifungua mimba wa kwetu. Benki moja ya katikati ya jiji ilimwandika akiwa kijana, na mpaka leo, ingawa aliondoka huko zamani, akisema "nikiwa kazini" anamaanisha benki. Siku hizi ana duka la vyakula vya mifugo karibu na Waiyaki Way. Duka hilo ndilo lililosomesha watoto wake na kumjengea nyumba Loresho. Lakini haliiti kazi. Nilimuuliza sababu siku moja, nikiwa nimeegemea gunia la pumba.

"Daktari, nani ameniandika hapa?" akasema. "Mimi nimejiweka tu."

Binti yake wa mwisho alisomea Kiswahili na isimu chuo kikuu, na akapanga chumba Muthangari, zile nyumba ndogo za nyuma ya ua tunazoziita SQ. Alikuwa akifanya kazi kwenye kompyuta, kwa kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuona jengo lake. Alipojaribu kutueleza tulitikisa vichwa kwa adabu. Hata mimi, pamoja na elimu yangu yote ya kesho, nilikuwa nimeridhika kusema kwamba mtoto anafanya vitu vya mtandao.

Basi Jumapili moja tulikuwa Loresho kwa chakula cha mchana, baada ya kanisa. Kaka alikuwa amemwalika rafiki yake wa kanisani, mzee mwenye sauti ya kwaya na cheo kizuri katika ofisi moja ya bima huko huko Upper Hill. Binti akaingia na bakuli la mukimo.

"Na huyu mrembo ndiye last born?" mgeni akauliza. "Ameandikwa wapi?"

"Huyu bado anatafuta," kaka akajibu.

Binti aliweka bakuli mezani, polepole, akasema karibuni, akarudi jikoni. Nilimwonea uchungu. Pia nilimkasirikia kaka, kwa sababu mtoto alikuwa amefanya kazi Jumamosi yote na macho yake yalikuwa mekundu. Mgeni naye, kwa roho safi kabisa, akasema kwamba pale ofisini kwao kuna nafasi mapokezi, tena inataka msichana anayeongea vizuri, na kama kaka yuko tayari binti aende Jumatatu ijayo, ila wanataka kujua mapema. Kaka alifurahi mpaka akasahau kumpa mkewe nafasi ya kumpakulia mgeni. Alimpakulia mwenyewe.

Baada ya chakula walinigawana. Kaka alinishika nje karibu na gari.

"Wewe ndio unajua mambo ya kesho. Mwambie huyu mtoto aache mchezo. Atakusikiza."

Jikoni binti alikuwa akiosha sufuria kwa nguvu ambazo sufuria haikustahili.

"Tata, si umesikia dadi? Eti natafuta." Hakugeuka. Tata ndivyo anavyoniita, yaani shangazi. "Sasa niambie wewe. Hii yangu si kazi?"

Swali kama hilo nimelijibu kwenye mikutano, nikiwa na kipaza sauti na maji ya chupa mbele yangu. Pale jikoni nilimwambia sijui, na nikamwomba nije kwake nikae nione. Alikubali, kwa sharti kwamba nisilete hojaji.

Nilikwenda Muthangari katikati ya wiki. Nilimkuta amevaa shati lililonyooshwa na viatu vya kufunga kamba, nywele zimebanwa vizuri.

"Unatoka?" nikamuuliza.

"Naenda kazi," akasema, akavuka chumba hatua chache na kuketi kwenye meza iliyo kati ya kitanda na jiko la gesi. Kisha akacheka aliponiona nimeshangaa. "Nikivaa slippers nitalala, tata. Nilijifunzia kwa dadi. Nikiwa mdogo nilikuwa nasikia viatu vyake kwa korido kila asubuhi. Tai, koti, kila kitu."

Nilitaka kusema jambo nikajizuia. Sababu ni hii. Katika miaka ile ambayo binti anaikumbuka, kaka alikuwa ameshafutwa na benki. Walifutwa wengi kwa mpigo. Yeye aliendelea kuamka, kuvaa tai na kwenda mjini, na watoto hawakuambiwa kitu mpaka duka lilipofunguliwa, wakaambiwa baba ameamua kufanya biashara. Mkewe alijua. Mimi nilijua kwa sababu nilimkuta asubuhi moja kwenye benchi la bustani katikati ya jiji, mkoba miguuni, akisoma gazeti la jana. Aliniomba ninyamaze, na nilinyamaza.

Binti akanipa hedfoni ya pili, kazi ikaanza. Watu wa Nairobi wanarekodiwa wakiongea, mashine inasikiliza na kutoa maana yake kwa Kiingereza, na yeye anasikiliza nyuma yake na kuirekebisha. Nilidhani nitachoka baada ya muda mfupi. Badala yake nilisahau hata kunywa chai aliyonipikia. Mwanamke mmoja alisema, kwa sauti ya kuchoka, "Leo nimeshinda tu kwa nyumba," na mashine ikaelewa kwamba ameshinda nyumba, labda kwenye bahati nasibu. Kijana mmoja akaanza kwa salamu ya mtaani, "sasa," na mashine ikaanza kutafuta saa. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, na malori nyuma yake.

"Niliandikwa na mzee mmoja wa hadiwea, nikakaa kama mwaka, halafu akanifuta."

Kwa mujibu wa mashine, mzee wa hadiwea, lile duka la misumari na simenti, alikuwa amemwandikia barua, akakaa mwaka mmoja, kisha akampangusa kwa kitambaa. Tulicheka mpaka binti akavua hedfoni.

"Hii inakuja kila wiki," akasema. "Naiambia: huku kwetu kuandikwa ni kupewa kazi, kufutwa ni kufukuzwa. Inashika. Halafu mtu anasema 'jina langu liliandikwa kwa ukuta,' inasema jina lilipewa kazi kwa ukuta. Narudi tena naiambia ingojee, isikize vizuri nani ameandikwa, ni mtu ama ni jina."

Nilijikuta namuuliza maswali kama mtoto. Unajuaje huyu anatania? Akanionyesha pale mtu alipovuta neno. Na mtu akichanganya Sheng na Kikuyu kwenye sentensi moja? Kuna alama yake. Na nani anakagua unachokagua wewe? Hapo alipandisha mabega. Hamjui. Anaona tu alama zikitokea kwenye akaunti, na wakati mwingine neno la hongera, lile lile kila mara.

"Na ukishaifundisha vizuri," nikamuuliza, "itakuhitaji tena?"

"Mwalimu akimaliza kufundisha darasa, si wanaenda?"

"Mwaka ukianza wanakuja wengine."

"Labda na mimi wataniletea mashine ingine. Ama hawataleta. Si wewe ndio wa kesho, tata, niambie."

Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimeona mtu akifanya kazi, na akiipenda. Aliniambia hataki mapokezi ya Upper Hill, ila hataki pia kugombana na baba yake. Akitoka hapo kwenye meza ile, akaunti inapewa mtu mwingine. Na alitaka jambo moja tu, ambalo alilisema bila kuzunguka: baba yake aseme, hata mara moja, mbele ya mtu, kwamba ana kazi.

Nikaenda dukani kwa kaka nikiwa nimejaa ari. Nilimweleza yote, hata mzee wa hadiwea. Alicheka kidogo, kisha akauliza maswali yake huku akifunga gunia.

"Boss wake ni nani?"

"Hajui."

"Akigonjeka anapigia nani simu?"

"Hakuna."

"Wakikosana anaenda wapi?"

Ni lazima niseme kwamba maswali yake yalikuwa mazuri kuliko kurasa kadhaa za hojaji yetu, na baadaye niliyaiba.

"Mimi sitaki mambo mingi," kaka akasema. "Nataka tu awe na mlango ya kugonga. Sasa huyu atagonga wapi, kwa kompyuta?"

Nilijua mlango huo unatoka wapi, na kwa hiyo sikumjibu kwa ukali kama nilivyokuwa nimepanga. Nilimwambia tu amwache binti ajibu mwenyewe. Akasema sawa, lakini alisema sawa ya mtu aliyekwisha kumpigia rafiki yake simu.

Binti alijibu mwenyewe, Loresho, Jumamosi jioni, nikiwepo. Alikaa mbele ya baba yake amefunga mikono magotini.

"Dadi, asante kwa kunitafutia. Lakini siendi. Niko na kazi."

"Uko na kompyuta," kaka akasema, akainuka akaenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Baada ya hapo hawakuongea kwa wiki nyingi, zaidi ya zile salamu za kanisani ambazo mtu hawezi kuzikwepa. Mimi nilikuwa nikipita kati yao kama posta, na hata yale maneno ya mlango nilimfikishia binti. Ofisini nilikuwa naandika kuhusu ajira za vijana, na kila nilipofika kwenye neno ajira mkono ulisita. Niliwauliza wenzangu kama tunaweza kuweka swali jipya: ukipoteza unachofanya leo, nani atajua? Walisema ni swali la huzuni. Nikasema ndiyo, na bado nataka kujua jibu lake.

Kisha asubuhi moja simu ikalia, na ilikuwa sauti ya binti, ndogo.

"Tata, wamenifuta."

Niliacha chai mezani nikashuka kwa ngazi. Nilimkuta ameketi pale pale kati ya kitanda na jiko, amevaa viatu. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na sentensi moja kwamba akaunti yake haipatikani tena, na shukrani. Hakuna sababu. Kulikuwa na mahali pa kubonyeza kwa anayetaka msaada. Alikuwa amebonyeza, na kila mara ilimrudisha kwenye sentensi ile ile. Hakulia. Alikuwa akitazama kioo kwa mshangao, kama anayengoja kiombe radhi. Mimi nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na wa kuipelekea.

"Dadi atasema aliniambia," akasema.

"Pengine."

"Heri nimwambie mwenyewe kabla hajasikia. Twende wote, tata. Wewe usiongee."

Tulikwenda. Kaka alikuwa akimpimia mteja chakula cha kuku wa mayai. Binti hakungoja. Alisimama mbele ya mizani na kusema kwa sauti ya kawaida, "Dadi, nimefutwa."

Kaka alimtazama. Alimaliza kupima, akafunga mfuko, akamwambia mteja karibu tena. Alinawa mikono kwenye mtungi ulio nyuma ya mlango, akavuta benchi, akaketi na kumwonyesha binti aketi. Mimi nilibaki nimesimama nikingoja "nilikuambia". Nilikuwa nimejiandaa kuvunja ahadi yangu ya kunyamaza.

"Wamekufuta lini?"

"Leo asubuhi."

"Wamesema umekosea nini?"

"Hakuna kitu wamesema. Na hakuna mahali pa kuuliza. Venye ulisema. Hakuna mlango."

Kaka alikausha mikono kwa koti lake la dukani, kidole kimoja kimoja.

"Mimi mlango nilikuwa nao," akasema. "Niligonga. Walinifungulia, wakanikalisha chini, wakanipa hata chai. Na bado nilikuwa nimefutwa."

Binti alimgeukia. "Wapi?"

"Benki."

"Si uliacha?"

"Sikuacha. Walinifuta. Wewe ulikuwa mdogo." Alinitazama mara moja tu, kisha akarudisha macho kwake. "Nilikuwa navaa tai naenda kukaa town kwa benchi mpaka jioni. Sikutaka muone mko na baba amekaa tu."

Nimewahoji watu wengi kuhusu siku walizopoteza kazi, na nimejifunza kutosogea mtu anapozungumza namna hiyo. Sikusogea. Binti alikuwa akimtazama baba yake machoni, na niliona anahesabu upya asubuhi zote zile, viatu vyote vile kwenye korido. Hakumuuliza kwa nini alificha. Alimuuliza jambo ambalo mimi sikuwahi kufikiria kumuuliza.

"Sasa asubuhi ulikuwa unaamkaje?"

"Saa zile zile," kaka akasema. "Hiyo ndio siri, mama. Kesho amka saa zile zile. Oga. Vaa viatu. Usingoje ujue unaenda wapi. Ukilala hiyo siku ya kwanza, ya pili inakuwa ngumu."

"Halafu?"

"Halafu kuja hapa unywe chai. Tutaona."

Tulikuwa bado hapo gari liliposimama nje na sauti ya kwaya ikatusalimu kabla mwenyewe hajaonekana. Alikuwa yule mzee wa ofisi ya bima. Anafuga kuku wachache nyuma ya nyumba, na siku hiyo, kati ya siku zote, chakula chao kilikuwa kimeisha. Akatusalimu kwa mkono mmoja mmoja, na alipofika kwa binti akamshika mkono kwa muda kidogo, kwa upole.

"Na huyu wetu?" akamuuliza kaka. "Bado anatafuta?"

Binti aliinamisha kichwa. Nilifungua mdomo, na kaka akaniwahi.

"Hapana," akasema. "Huyu alikuwa ameandikwa. Walimfuta leo asubuhi."

Mzee hakuwa ameuachia mkono wa binti. Akaweka na wa pili juu yake.

"Woi, pole sana, mami," akamwambia. "Pole ya kazi."

Binti akasema asante, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.